Begi la Kaka Emanueli na Nyumba ya Chini ya Ardhi

Kwanza wekeni simu chini. Siyo kwamba nawasomea sheria, la, ni mazoea ya kazi tu. Miaka yote niliyoongoza wageni pale Newtown, Johannesburg, neno langu la kwanza lilikuwa hilo hilo, na wageni wote walilitii kwa namna moja: waliitoa simu mfukoni, wakaichungulia, wakairudisha, halafu baada ya muda kidogo wakaitoa tena. Nawajua. Na nyinyi mnaojazana kwenye varanda yangu hapa Bellevue kila Jumapili baada ya ibada, mkamaliza ugali wangu na mchicha wangu, halafu mkaniuliza kwa Kiingereza nilikuwa nafanya kazi gani, nawajua zaidi. Mnauliza vizuri sana, ila jibu hamlingojei. Kwa hiyo nimeamua kuliandika, maana karatasi haikatizwi na mtu anayesema, "Eish, Bibi, subiri kidogo."

Nilikuwa mwongoza wageni katika jumba la makumbusho. Msifikirie lile jumba kubwa mlilopelekwa na shule mkarudi mnalalamika miguu. Letu lilikuwa dogo, ndani ya ghala la zamani la viazi, na lilieleza jambo moja tu: watu walioishi ndani ya ardhi. Kulikuwa na nyumba za Wasotho waliojenga kwa udongo chini ya miamba. Kulikuwa na mfano wa nyumba za kule kaskazini kabisa, ambako watu walichimba shimo pana kama uwanja, kisha wakachonga vyumba pembeni. Na chini, kwenye chumba cha mwisho, kulikuwa na ya kwetu sisi Wairaqw wa Mbulu, Tanzania. Mababu zetu walichimba nyumba ndani ya kilima, wakaingia humo na watoto na ng'ombe, ili wavamizi wa mifugo wakipita juu waone nyasi tu.

Najua mnachotaka kusema. "Bibi, Johannesburg yote imechimbwa chini, nani alikuwa analipa kiingilio aje kuangalia shimo?" Walilipa, tena walipanga foleni. Kwenye shimo la dhahabu unashuka kutafuta kitu. Kwenye shimo letu ulishuka kuficha kitu, nacho kilikuwa wanao. Ni kazi mbili tofauti.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nauza vitenge pale sokoni Newtown, ikanyesha mvua ya mawe, nikakimbilia mlango wa kwanza niliouona. Nikashuka ngazi, nikakuta nyumba ya bibi yangu! Mlango mfupi, nguzo, kitanda cha fito, sehemu ya ng'ombe. Na mle kwa ng'ombe wamesimamisha ndama wa plastiki, mweupe, ana kope ndefu kama bibi harusi. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mama mmoja Msotho aliyejifunga blanketi akaniuliza kwa upole ninacheka nini. Nikamwonyesha ndama. Akasema, "Hata mimi huyu amenichekesha miaka yote, ila sikuwa na wa kucheka naye. Njoo Jumatatu."

Huyo ndiye Mama Dineo, mwalimu wangu. Bibi yake mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba ya chini ya mwamba, kule Lesotho. Alikuwa mnene, mpole, anatembea taratibu mpaka unatamani kumsukuma, lakini hakuna mgeni aliyempotea. Mimi nilipotea mwenyewe wiki ya kwanza, nikatokea kwenye stoo ya mafagio na kundi zima nyuma yangu, nikawaambia hicho nacho ni chumba cha kisasa cha chini ya ardhi. Walikiangalia kwa heshima kubwa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni macho. Ukitoka kwenye jua la Johannesburg ukaingia kwenye nyumba ile, huoni hata mkono wako. Mgeni akikosa kuona anaogopa, akiogopa anawasha tochi ya simu, na tochi moja ikiwaka imepofusha kundi zima, wanaanza kukanyagana na kuombana radhi. Mama Dineo alikuwa anawakalisha wote chini, hapo ndani ya mlango, kisha anasema, "Ngojeni, macho yatafunguka." Basi. Hasemi lingine. Unakaa. Kidogo kidogo unaona mdomo wa chungu, halafu kitanda, halafu kamba za ng'ombe. Halafu unamwona ndama, na hapo lazima mtoto mmoja apige yowe. Nami nikalishika neno hilo. Wakija kina mama wa kanisa la Wakongo wa Yeoville, wakija watoto wa madrasa kutoka Mayfair, nililisema kwa Kiswahili: ngojeni, macho yatafunguka. Nadhani hakuna maneno niliyoyatamka mara nyingi kama hayo maishani mwangu, hata jina la marehemu mume wangu, na huyo nilikuwa namwita kutwa.

La pili: mwongoza wageni anaingia wa mwisho na anatoka wa mwisho. Hilo tulilijua baada ya kuja katekista mmoja Mrundi, mtu mzima, ametoka zamu ya ulinzi bila kulala. Nyumba ile ina ubaridi wa mtungi. Akaegemea kwenye kitanda cha fito, usingizi ukambeba. Tulihesabu kundi kwa macho, tukasema sharp, wametimia, tukafunga, tukaenda kula. Katekista akaamka gizani peke yake, hajui yuko wapi, akafanya alichojua, akaanza kuimba wimbo wa kuaga maiti. Sauti ikatoka chini ya sakafu. Mlinzi wetu, jitu la miraba minne, alikimbia mpaka kwenye robot, zile taa za barabara kuu, na alipofika hapo, jamani, alisimama kungoja taa ya kijani. Mama Dineo alimwambia, "Woga wako una nidhamu."

La tatu ni kinyesi cha ng'ombe. Msikunje pua, simulizi bado. Sakafu ya udongo isiposiribwa kwa mchanganyiko wa udongo na kinyesi inapasuka, na ikipasuka inatoa vumbi, na wageni wakikohoa hawasikilizi. Kuna mzee mmoja alikuwa anafuga ng'ombe mbele ya Soweto, akituletea kwenye sanduku la barafu lenye mfuniko, lile la kubebea nyama ya braai, ya kuchoma. Siku moja mlinzi yule yule akadhani ni nyama. Sisemi zaidi. Siri ya kusiriba ni mkono, siyo mwiko. Unapaka kwa kiganja, nusu duara kwa nusu duara, unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, maana ukianzia mlangoni utajikuta umejifungia kwenye kona hadi pakauke. Ndiyo, ilinitokea. Nilikaa na ndama mchana kutwa.

La nne ndilo lililonichukua muda kulielewa. Alikuja mzee mmoja, mikono yake imechakaa kwa kazi za mgodini, akakaa ndani ya nyumba ile asubuhi nzima, hasemi neno. Mimi na domo langu nikajipanga kwenda kumchangamsha. Mama Dineo akanivuta sare kwa nyuma. "Mwache," akasema. "Yule tayari anaongea. Ila haongei na wewe." Nikanuna. Nilidhani ananidharau. Siku hizi wageni wanapewa vidude vya kuvaa masikioni, vinawaeleza kila kitu kwa lugha wanayotaka, na sauti yake ni tamu kuliko yangu, nakubali. Lakini vidude vile havijui kunyamaza. Ningekuwa kidude kama kile siku aliyokuja kaka yangu, mmoja wa watu mnaokula nao Jumapili asingekuwapo hapa.

Haya, sasa tumefika.

Mnamfahamu Anko Bahati. Mume wa Basilisa, mpwa wangu mnayemwita dada wa nywele. Fundi cherehani, mpole, suti zake zimenyooka hata akiwa anapeleka takataka. Nyinyi mmempa jina la "sekyuriti" kwa sababu kila Jumapili anakaa kwenye kiti kile cha mlangoni, hata kukiwa na baridi, hata mkimwambia ndani kuna sofa. Yeye anacheka tu. Wakati huo walikuwa bado hawajaoana. Basilisa alikuwa anaishi na mimi, anasuka Yeoville, na Bahati alikuwa anakuja jioni na vipande vya vitenge, anadai ni masalio ya kazi. Masalio gani yanatosha gauni zima? Nikanyamaza, maana gauni lingine lilikuwa langu.

Basilisa akampigia simu baba yake, kaka yangu mkubwa Emanueli, kumwambia amepata mchumba. Kaka akauliza mtu wa wapi. Kongo, upande wa Kivu. Akauliza ukoo gani. Basilisa hakujua kueleza. Akauliza mama yake ni nani, yuko wapi, nani amewahi kumwona. Kaka akakata simu, na baada ya siku kadhaa tukasikia amepanda basi.

Kutoka Tanzania mpaka hapa kwa basi siyo mchezo. Kaka alishuka miguu imevimba, kofia imekaa upande, mkononi ana begi kubwa jeusi la zipu. Nikalipokea, nikaona ni jepesi. Nikalitikisa. Tupu!

"Kaka, umekuja na begi tupu?"

"La kuwekea nguo za binti yangu," akasema. "Nikimwona huyo mtu, nikaona simwelewi, Basilisa anapanga nguo zake humu, tunarudi wote."

Mtasema Basilisa ni mtu mzima, angekataa. Jaribuni nyinyi kumkatalia baba aliyevimba miguu kwa ajili yenu. Usiku ule aliniambia jikoni, "Shangazi, baba akisema hapana nitarudi naye. Siwezi kumwacha aondoke peke yake na lile begi. Lakini sijui kama nitacheka tena." Alisema hivyo huku anamenya viazi, tena vizuri tu, bila kulia, na hilo ndilo lililoniumiza.

Bahati akaja kusalimia. Akaja kesho yake tena, na kesho kutwa. Kaka anakaa kwenye sofa, begi miguuni. Bahati anakaa kwenye kiti cha mlangoni. "Shikamoo, Papa." "Marahaba." Basi, kimya mpaka chai inapoa. Kaka alinivuta pembeni. "Kwa nini anakaa mlangoni kama mtu anayetaka kukimbia? Mtu mwenye nia njema anaingia ndani." Nikasema ni heshima ya kwao. Nilibuni tu.

Ndipo nikapata wazo. Kaka ana udhaifu mmoja: mpe habari za mababu, atalainika. Nikasema twende Jumamosi wote wanne pale kazini kwangu, nimwonyeshe nyumba ya kwetu, akishafurahi tutajua la kufanya. Kaka akakubali papo hapo. Bahati akababaika. Nilikuwa nimemwalika mara nyingi huko nyuma, na kila mara kulikuwa na suti ya bwana harusi haijawekwa vifungo. Safari hii Basilisa alimtazama tu, akasema atakuja.

Alikuja na suti ya kijivu, mpya. Kaka akamwangalia toka juu mpaka chini, akaniambia kwa Kiiraqw kwamba huyu amevalia kuingia ikulu. Mlangoni mlinzi akataka begi liachwe kwake, ndio utaratibu. Kaka akalikumbatia. "Nimeambiwa mji huu wanaiba mpaka usingizi. Begi siachi." Mlinzi akalifungua, akaona halina kitu, akamtazama kaka, akanitazama mimi. Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema anaona tunavyofanana.

Tukapita kwa Wasotho, tukapita kwa watu wa kaskazini, kaka anaitikia tu, "Mhm, mhm." Tukashuka ngazi za mwisho. Weee! Uso wa kaka ulibadilika. Akavua kofia. Akapapasa ukuta, akanusa kiganja. "Umesiriba wewe?" Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamwona ndama wa plastiki, akamwamkia. Nikamwona Basilisa anapumua kidogo. Nikasema moyoni, Paskalina, leo umepatia.

Sasa sikilizeni. Nje ya mlango wa nyumba ile kulikuwa na rundo la udongo. Meneja wetu, kijana mwema kabisa, aliliweka ili watoto waone udongo mwingi kiasi gani ulitoka kwenye shimo, na watoto walikuwa wanapanda juu yake na kupiga picha. Mimi mwenyewe nililifagilia kila asubuhi, nikalipanga lipendeze.

Kaka akasimama kando ya rundo, akamgeukia Bahati. "Haya, mkwe mtarajiwa. Kwetu mgeni huingia ameinamisha kichwa, mwenye nyumba akiwa ndani na rungu. Ukikubali kuinamisha shingo yako kwangu, nakujua. Ingia."

Alikuwa anatania nusu. Bahati akasogea mpaka mlangoni. Nami, kwa mazoea, nikasema maneno yangu: "Ingieni mkae, ngojeni, macho yatafunguka."

Bahati akaganda.

Mkono mmoja ameshika mhimili wa mlango, jasho linamtoka, linashuka mpaka kwenye kola. Kaka akangoja. Akangoja. Kisha akasema, "Kumbe suti inaogopa vumbi." Basilisa akaniangalia, macho yanasema, shangazi, fanya kitu! Na mimi nilikuwa nayo mizaha tele ya kuokoa mambo, mmoja wa ndama, mmoja wa katekista, yote iko kwenye ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo. Nikahisi kama mtu ananivuta sare kwa nyuma. Mwache. Yule tayari anaongea.

Nikaufunga. Nawaambia ukweli, wanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikuwa naona harusi ya mtoto wangu inakufa mbele yangu na mimi nimenyamaza.

Kaka akalishika begi vizuri, akageuza mguu kuelekea ngazi. Hapo Bahati akasema, bila kumtazama mtu, "Papa, samahani. Ile udongo haiwezi kukaa pale."

"Udongo gani?"

"Ile ya mulango." Akaonyesha rundo. "Bakiiona, banajua kuko bantu chini."

Kaka akarudisha mguu.

"Sisi, mama alichimba chini ya jikoni," Bahati akasema. "Wakati wa vita. Sisi batoto tulikuwa tunabeba udongo mu sufuria, asubuhi mapema, kama bantu banaenda kuchota maji. Tunaimwaga mu mto. Na mama anafagia nyuma yetu, ili hata kidogo isianguke mu njia. Bakikuja, tunaingia. Kunakuwa giza kabisa. Na mama anatuambia, 'Ngojeni, macho itafunguka.'" Akanitazama mimi sasa. "Mama Paskalina, si kosa yako. Ni ile neno tu."

Basilisa alikuwa amejishika mdomo. Hakuwa analijua hilo, nao walikuwa wanaongea kila siku.

Kaka Emanueli akalitazama lile rundo. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Paskalina, unakumbuka bibi alivyokuwa akisimulia? Wanawake walibeba udongo kwenye vibuyu."

"Alfajiri," nikasema. "Mpaka mtoni."

"Mpaka mtoni," akasema kaka. "Tulikuwa tunasinzia akisimulia. Hadithi za zamani." Akamtazama Bahati kama anamwona anashuka basi sasa hivi. Mimi nilikuwa nimeongoza wageni kwenye nyumba ile miaka na miaka, natoa maelezo, nachekesha watu, na mtu mmoja tu kati yetu ndiye aliyewahi kuishi humo. Nililia. Siwafichi.

Halafu kaka akafanya jambo. Akanyoosha lile begi, begi alilolala nalo, begi ambalo mlinzi mwenye miraba minne alishindwa kumnyang'anya, akampa Bahati. "Nishikie," akasema. Akainama yeye, magoti yake mabovu yanalia, akainamisha shingo, akaingia. Tukamsikia anajikunyata kwenye kitanda cha fito. Kisha sauti ikatoka gizani.

"Mwanangu, humu niko peke yangu. Hakuna mtu mwingine, nimepapasa kote, ni mimi na huyu ndama. Wewe kaa hapo hapo kwenye mwanga, tuongee."

Bahati akachuchumaa nje ya mlango na suti yake, amekumbatia begi. Mimi na Basilisa tukapanda ngazi kuzuia wageni. Niliwaambia kuna matengenezo. Tuliyoyasikia ni machache.

"Mama yako yu hai?"

"Yuko, Papa. Yuko Uvira."

"Anaitwa nani?"

"Furaha."

"Mpigie. Nataka nimsalimie. Mwambie ni mtu aliyekaa kwenye nyumba kama yake."

Mengine ni yao. Walikaa mpaka mlinzi akaniuliza kama naye ni katekista. Kaka alipotoka, magoti yote mawili yamejaa udongo, Bahati akaweka begi chini, akapiga goti, akamkung'uta suruali kwa kiganja, taratibu, kama fundi anavyomtengeneza mteja mbele ya kioo. Akaupinda upindo uliofumuka, akasema ataushona leo hii. Kaka akamwacha amalize. Kisha akaniuliza, "Koleo liko wapi?"

"La nini, kaka?"

"Hilo rundo linalala hapo usiku kucha? Mnataka kutuuza?"

Nikampigia simu meneja. Akacheka, akasema lichukueni, ila msimguse ndama. Basi wakaanza, mzee na kijana, mmoja na koleo la stoo, mwingine amevua koti. Likaja swali la kuubeba. Ndoo yangu ya kusiribia ilikuwa imetoboka. Kaka akatazama huku na huku, akaliona begi. Akafungua zipu.

"Baba!" Basilisa akasema. "Ni jipya."

"Limekosa kazi nyingine," akasema kaka, akatia koleo la kwanza.

Tatizo likawa mto. "Mto uko wapi?" kaka akauliza tulipofika juu. Nikamwambia Johannesburg haina mto wa maana. "Mji wote huu?" Wote. Alisikitika kweli, akasema sasa anaelewa kwa nini watu wa huku wana haraka. Tukaubeba mpaka Bellevue. Mwenye gari aliyetuchukua aliuliza begi lina nini zito hivyo, kaka akasema ni udongo, jamaa akacheka njia nzima akidhani ni mzaha. Bahati alikuwa amekaa na begi mapajani. Suti ya kijivu ilikuwa imekuwa ya kahawia.

Kaka alirudi Tanzania na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki wa duka la spaza, na suti mpya mwilini, suruali ina nafasi ya kutosha magotini. Harusi mliihudhuria wengine mkiwa mgongoni, mkalia wakati wa hotuba. Begi liko uvunguni mwa kitanda changu, zipu imekufa.

Nilimwomba Bahati ruhusa kabla ya kuandika haya. Akasema, "Andika, Mama. Lakini usiandike nilitoka jasho." Nimeandika, atanisamehe, anajua domo langu.

Udongo ule niliumwaga uani, pale nyuma ya tangi la maji, nikaumwagia mbegu. Ndio mchicha wenu wa kila Jumapili. Mkienda Newtown hamtakuta rundo lolote mlangoni, wala msilitafute, mmekwisha kulila. Na kile kiti cha mlangoni ni cha Anko Bahati. Mkifika kabla yake, ingieni ndani mkae kwenye sofa.